Unga wa Makaa na Mzizi wa Nyemo

Wanawake wawili waliokuwa wakichambua mchele msibani Ihumwa walidhani nimesinzia. Nilikuwa nimekaa nyuma yao, nimeegemea ukuta, kanga imenifunika hadi puani kwa ajili ya vumbi, nao walizungumza jinsi watu wanavyozungumza mbele ya watoto na wazee. Mmoja alisema marehemu alizichukia dawa za kizungu maisha yake yote. Mwenzake akasema, "Si kuchukia tu. Zamani za Mjerumani alimlisha mtu sumu, mpangaji wake, mpaka askari wakaja kumfunga kamba." Yule wa kwanza akaacha kuchambua. "Alikufa?" "Mpangaji? Si alikufa! Na yule bibi wa mjini anayekuja hapa kila baada ya mavuno ndiye mjane wake. Unadhani huwa anakuja kusalimia? Anakuja kuchunguza."

Yule bibi wa mjini ni mimi. Sikufumbua macho. Mwili wa Mama Nyemo ulikuwa bado umo ndani, na mimi si mtu wa kugombana kwenye nyumba yenye maiti. Lakini tangu siku ile maneno yao yamenikaa kooni, na yananikera zaidi kwa sababu yana ukweli ndani yake. Ni kweli alifungwa kamba. Ni kweli mpangaji alikuwa mume wangu, na ni kweli mume wangu alikufa mwaka uleule. Ukiyaweka hayo moja baada ya jingine bila kusema kilichokuwa katikati, unapata uongo usio na tobo. Mimi ndiye niliyebaki ninayejua kilichokuwa katikati, basi nitakisema.

Ulikuwa mwaka reli ilipofika Ugogo. Nilikuwa sijatimiza miaka ishirini, nimeolewa na Idi muda si mrefu, na Idi alikuwa mmoja wa vijana waliobeba vyuma na kuvilaza juu ya tuta. Kambi yao pale Ihumwa ilikuwa ya mahema na vibanda vya nyasi, wanaume watupu, haikumfaa mke wa mtu. Ndipo tukapata chumba kwenye tembe la Mama Nyemo, mjane wa Kigogo aliyekuwa na ng'ombe wachache na sifa mbili. Moja ilikuwa kwamba anajua mizizi. Ya pili ilikuwa kwamba hakuna aliyewahi kumwona akiichimba. Chumba chetu kilikuwa kirefu na chembamba kama vyumba vya tembe vilivyo, paa la udongo limekaa juu ya kichwa hivi, ukinyoosha mkono unaligusa. Ukuta mmoja ulikuwa wetu, na mwingine ulikuwa umesimamishiwa vilindo vyake vya magome vya kuwekea mtama. Asubuhi tuliamshwa na ndama. Kupangisha kwenyewe hakukuwa kwa malipo: mimi nilimtwangia na kumchotea maji, naye akatuacha tulale. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na ng'ombe. Kigogo changu kilikuwa hakipo. Tulifundishana kwenye kinu, yeye akipiga mchi na kutamka neno, mimi nikipiga na kulirudia, na kabla ya mvua kuanza nilikuwa nasema Kigogo cha kuchekesha lakini cha kueleweka.

Kisimani ndiko nilikojifunza kuogopa. Wanawake wa pale walikuwa na maneno juu ya kila mtu. Kuhusu hema la dawa pale kambini walisema unga mweupe wanaolishwa wagonjwa umetengenezwa kwa makaa, makaa yaleyale yanayolishwa garimoshi, na kwamba Mjerumani anataka kuona kama mtu naye anaweza kusukumwa kwa moto huo afanye kazi bila kuchoka. Kuhusu mwenye nyumba wangu walisema mzizi wake mmoja unatuliza maumivu ukiwa mdogo na unaua ukiwa mkubwa, na kwamba kipimo anakijua yeye tu. "Usile alichopika mpaka ale yeye kwanza," aliniambia mmoja akinitwisha mtungi. Nikafanya hivyo. Tulipokaa jioni kwenye ugali wa uwele na mlenda, nilijishughulisha na kanga yangu, nikajifanya nafukuza nzi, mpaka mkono wake utoke chunguni na kufika mdomoni. Tangu siku ya pili hivi Mama Nyemo alianza kula tonge la kwanza taratibu sana, akinitazama, kisha akasukuma chungu upande wangu. Nilimwona mkorofi. Leo naona alikuwa akinionea huruma kwa namna yake, na labda ndani ya huruma ile mlikuwa na dharau pia.

Idi alianza kuumwa mvua za kwanza zilipokuwa zimenyesha. Goti lilivimba, likawa jekundu na moto kama jiwe la jikoni. Kesho yake goti limepoa na kifundo cha mkono ndicho kimevimba. Maumivu yalikuwa yanahama ndani yake kama mtu anayetafuta pa kulala. Homa ikapanda, jasho likamtoka hadi mkeka ukaloa, na mwanaume aliyekuwa akibeba chuma akishangilia alishindwa kubeba kikombe. Mama Nyemo alikuja, akainama mlangoni, akamshika kila kiungo bila kuuliza. Kisha akatoka peke yake kuelekea porini. Aliporudi alikuwa na kitu ndani ya ngozi, akakikata mwenyewe akiwa ametugeuzia mgongo. Hakuweza kuificha harufu. Ilijaa chumba kizima: kali, tamu, ya kupanda puani na kuleta machozi, baridi na moto kwa pamoja. Alimpaka magotini ule mzizi uliopondwa, na mwingine kidogo mno akauchemsha akampa anywe.

"Kidogo hivyo?" nikamwuliza.

"Kidogo hivyo. Kesho tena kidogo. Masikio yake yakianza kuimba, niambie, naacha."

"Kuimba vipi?"

"Kama nyenje. Mtu anasikia nyenje na nyenje hawapo."

Nikauliza mti wenyewe ni upi. Akafunga ngozi yake. "Wewe ni mpangaji," akasema.

Neno lile liliniuma, na liliniongezea shaka. Lakini siku zilizofuata uvimbe ulishuka, Idi akaweza kukaa, akaomba maziwa ya mgando. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na Mama Nyemo, japo bado nilikuwa nikimwangalia anavyopima.

Ndipo Salum alipoanza kuja. Salum alikuwa msaidizi wa daktari Mjerumani wa lile hema la kambini, mtu wa pwani, mwenye kanzu safi na sauti ya kusomesha. Siku hizi mngemwita dresa. Alisema msimamizi wa tuta anataka kila mgonjwa afike hemani kumeza dawa mbele ya macho, asiyefika atahesabiwa mtoro, na kila mtu alijua mtoro hupigwa kiboko. Alikuwa na tabia ya kuongea nawe huku pua yake ikifanya kazi nyingine. Alisimama mlangoni petu akavuta hewa. "Harufu gani hii, shemeji?" Nikamwambia ni dawa ya kufukuza kupe. Akavuta tena. "Naijua harufu hii," akasema polepole, akaenda zake. Nilipomsimulia Mama Nyemo, alihamisha mifuko yake yote ya ngozi kutoka ukutani, akaipeleka nisikokujua. Kuanzia hapo aliamini Salum ametumwa kuuiba mzizi wake. Mimi niliamini ametumwa kumkamata. Salum, kama alivyokuja kuniambia baadaye, aliamini kuna mtu hemani anayemwibia bwana wake chupa na kuziuza kwetu. Tembe moja, harufu moja, na kila mtu na mwizi wake.

Na Idi, aliyekuwa katikati yetu sote, alimwogopa kila mtu: kambini aliogopa kiboko, nyumbani aliogopa Mama Nyemo asitufukuze chumbani. Kwa kuwa sasa aliweza kujikongoja, alikwenda hemani kila asubuhi. Akatuambia anakwenda kujionyesha tu asihesabiwe mtoro, kwamba unga anauficha shavuni na kuutema njiani. Hemani akamwambia Salum kwamba dawa za kienyeji hajaonja hata moja. Pande zote mbili alisema kile kilichotakiwa kusikika. Ukweli ni kwamba aliumeza unga, na nyumbani akanywa mzizi, na maumivu yalipokuwa yanapungua aliona ameshinda mchezo.

Asubuhi nilipokuta hali imegeuka, nilikuwa nimetoka kukama. Nilimwita, hakuitika. Nikaingia nikadhani anakimbia akiwa amelala: kifua kilipanda na kushuka haraka, kwa kina, kama mtu aliyefukuzwa na nyati, naye yuko palepale mkekani. Alikuwa ametapika. Macho yalikuwa wazi. Nilipomwinamia kumwuliza ana nini, alipaza sauti mno, kama mtu anayeongea ng'ambo ya korongo. "Tausi! Wanyamazishe! Nyenje wamejaa humu ndani!" Nikapiga kelele. Mama Nyemo alifika, akasikia neno nyenje, akarudi hatua nyuma. Uso wake sitausahau. "Nimempa kidogo," akasema. "Umeona mwenyewe. Nimempa kidogo." Na mimi, badala ya kumjibu, niliangalia mikono yake.

Kelele zangu zilimleta jirani, jirani akamleta Salum, Salum akaja na askari. Salum alimwona mgonjwa, akaona kichungu cha mzizi karibu na mkeka, akanusa, akakunja uso. "Amemlisha sumu," akamwambia askari. Mama Nyemo akanyoosha kidole kwake. "Mwulizeni yeye! Mwulizeni unga wake!" Hakuna aliyetafsiri, maana aliyeweza kutafsiri alikuwa mimi, na nilikuwa nimepiga magoti nashika kichwa cha mume wangu. Askari akamfunga kamba mikononi. Hayo ndiyo wanayoyajua wachambua mchele. Idi alibebwa kwenye machela iliyofungwa kwa haraka, mimi nikafuata, na Mama Nyemo akatembezwa mbele ya ng'ombe wake mwenyewe kuelekea kambini, kichwa wazi, watu wakitoka kwenye matembe kutazama.

Daktari yule tulimwita Bwana Miwani. Alikuwa mtu mwembamba mwenye ngozi iliyoungua puani, na Kiswahili chake kilikuwa kimejifunzwa kwa bidii na kusemwa kwa shida. Hema lake lilikuwa na meza ya kukunja, ndoo ya maji, na sanduku la chupa lililofunguliwa kama kabati. Hakumwangalia Mama Nyemo kwanza. Alimwinamia Idi, akaweka sikio kifuani kwake kwa muda mrefu, akahesabu pumzi, kisha akanigeukia mimi.

"Masikio yake," akasema. "Yanalia? Yanapiga kelele?"

Ilikuwa kama mtu ameingia chumbani kwetu na kusikiliza nyuma ya vilindo. "Nani amekwambia?" nikamwuliza, na najua nilikosa adabu.

"Hakuna aliyeniambia. Unga wetu ukizidi, masikio hulia. Salum, ulimpa kiasi gani?"

Salum akasema alimpa kile alichoagizwa, si zaidi, mbele ya macho, na kijana alimeza. Nikasema haiwezekani, alikuwa akiutema. Wote tukamtazama Idi. Daktari akamkaribia sikio, akamwuliza kwa nguvu ameumeza au ameutema. Idi akatutazama mmoja mmoja, mimi, Salum, Mama Nyemo na kamba yake. Alilia kabla ya kujibu. "Nimeumeza," akasema kwa ile sauti yake kubwa ya kiziwi. "Nimemeza na huko na huku. Ningefanyaje? Huku nafukuzwa, huko napigwa."

Nilimgeukia Mama Nyemo nikamfasiria. Kisha nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyelisema, lililokuwa limenijia palepale: kwamba Mzungu naye anauliza habari za masikio. Alilipima, kamba mikononi. "Mwambie anifungulie," akasema mwishowe, "na anipe ninuse dawa yake."

Daktari alimfungulia mwenyewe. Unga ulikuwa hauna harufu. Lakini ndani ya sanduku mlikuwa na kichupa cha mafuta ya kuchua, na Salum, ambaye nadhani alikuwa anasubiri nafasi ile tangu mwanzo, akakichukua akakifungua. Ilitoka harufu ya chumba changu. Sikuwa na haja ya kuinama. Ilikuwa ileile, kali na tamu na baridi. Mama Nyemo alikipokea, akanusa, akanigeukia kwa hasira. "Wameuchimba," akaniambia. "Wameshauchimba, wakauweka kwenye chupa. Mwulize ni nani aliyewaonyesha."

Niliuliza. Daktari akatikisa kichwa. Alikaa kwenye sanduku tupu akaeleza, nami nikafasiri sentensi kwa sentensi, nyingine nikizielewa baada ya kuzisema. Alisema kwao kuna mti unaoota kando ya maji, na bibi zao walichemsha magome yake kwa ajili ya homa na viungo. Baadaye watu wenye elimu wakatafuta ndani ya magome ni kitu gani hasa kinachoponya. Walipokijua, wakajifunza kukiunda bila mti, kwa kuanzia na lami inayotoka kwenye makaa ya mawe. Unga ule na mafuta yale ni ndugu. Hakuna aliyechimba chochote Ugogo. Inawezekana tu, alisema, kwamba mzizi wa mama huyu nao umeweka ndani yake kitu cha ukoo huohuo, na ndiyo sababu mgonjwa amepata mzigo maradufu.

"Kwa hiyo ni kweli ni makaa," akasema Mama Nyemo nilipomaliza.

"Ni kweli ilianza kama makaa," daktari akajibu. "Sasa si makaa tena."

"Ameona yakigeuzwa?"

"Hapana. Mimi nafungua chupa tu. Lakini chupa hii na chupa ile zina nguvu sawa. Mizizi je? Mzizi wa kiangazi na wa masika ni sawa?"

Nilimjua Mama Nyemo kiasi cha kutosha kuona swali lile limemgusa pahali. "Wa masika ni mpole," akasema. "Wa kiangazi unaonja kwanza wewe mwenyewe." Daktari aliposikia hivyo alisogea mbele, macho yakamng'aa nyuma ya miwani, akasema angependa sana kuuona mti huo, apeleke kipande kwao kichunguzwe. Na hapo ndipo Mama Nyemo alipouliza swali ambalo nimelibeba miaka yote, na ambalo sijasikia mtu akilijibu sawasawa: "Kama anaweza kuitengeneza kwa makaa, mzizi wangu anautakia nini?"

Nilifasiri. Bwana Miwani akasema huenda ndani ya mzizi mna kitu kingine wasichokijua bado. Lilikuwa jibu la kweli, nadhani. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na askari nje ya hema, na jibu la kweli kutoka kwa mtu mwenye askari halisikiki vizuri. Mama Nyemo alisema mti umekauka. Nami nilifasiri vilevile, kwamba mti umekauka, nikijua ameuchimba wiki ileile.

Idi alinyweshwa maji mengi na maji ya magadi, akakatazwa dawa zote mbili, na baada ya muda pumzi yake ilitulia na nyenje wake wakaondoka. Mama Nyemo aliachiwa arudi kwake. Hadi leo sijui aliachiwa kwa kuwa daktari aliona hana hatia, au kwa kuwa alitaka kumfuata siku moja hadi kwenye mti. Kwa majuma kadhaa tulimwona Salum akipitapita upande wa korongo bila shughuli. Alipokutana nami alisalimia kwa heshima iliyozidi. Siku moja nilimwuliza waziwazi anatafuta nini. "Natafuta kuelewa, shemeji," akasema. "Wewe huoni ajabu? Mimi nimekuwa nikizisifu chupa kuwa ni za Kizungu, kumbe bibi yangu kule Pangani alikuwa na harufu hii kwenye kibweta chake." Inawezekana ilikuwa hivyo. Inawezekana pia alikuwa amepewa kazi. Mama Nyemo alisema yote mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, akaacha kwenda porini mpaka Salum alipochoka.

Sasa nifike kwenye kile ambacho wachambua mchele hawakijui kabisa. Idi aliruhusiwa kutoka hemani magoti yakiwa mazuri, uso umejaa, anachekacheka. Siku ya kutoka, daktari aliweka tena sikio kifuani kwake, akakaa nalo pale. Aliponyanyuka alisema, "Apumzike. Kazi nzito hapana, muda mrefu." Nilimwuliza kwa nini, naye akasema, "Apumzike tu." Nilimdhania anatafuta sababu ya kumweka karibu ili atusogelee sisi. Nilipomwambia Mama Nyemo, yeye alimtazama Idi namna alivyopanda ngazi ya kwenda juu ya paa kugeuza mtama, akamtazama anavyosimama katikati ya ngazi. Hakusema kitu kwangu. Kwa Idi alisema, "Baba, kaa na ng'ombe wangu mwaka huu." Idi akacheka. Kabla ya mtama kukauka, msimamizi alipeleka watu kambi ya mbele, magharibi, kuelekea Bahi, na jina la Idi lilikuwamo. Alikwenda kwa miguu, mkeka begani, akigeuka na kunipungia mpaka tuta likamficha.

Alianguka akiwa amebeba chuma. Wenzake walisema hakulalamika goti wala mkono. Alisimama tu, akashika kifua, akakaa chini. Kwa hiyo mume wangu hakuuawa na mzizi, na hakuuawa na unga. Vyote viwili viliyafukuza maumivu kwa uaminifu, na wakati sisi tulipokuwa tunavichunguza, tunavinusa na kuvituhumu, ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshapita viungoni na kukaa moyoni. Wajukuu zangu leo wananunua vidonge vyeupe dukani kama pipi, wakisikia kichwa kizito wanameza na kuendelea na mazungumzo. Sisemi ni vibaya. Mimi mwenyewe ninavyo. Ila ninapowaona wamepona haraka, huwa nawaambia wakae kwanza.

Bwana Miwani alikuja tembeni baada ya arobaini. Alikuja bila askari na bila Salum, kofia mkononi, na alilazimika kuinama sana mlangoni. Mama Nyemo alikuwa anasaga. "Mbukwa," daktari akasema, salamu ya Kigogo, ameifanyia mazoezi. "Mbukwa," akaitikiwa, jiwe likiendelea kuzunguka. Alisema anahamishwa. Alisema amekuja kunipa pole. Nikamwuliza yale niliyokuwa nimeyalaza tangu msiba.

"Siku ile ulisikia nini kifuani kwake?"

Akaniangalia, kisha akaangalia sakafu. "Mlango wa moyo haufungi vizuri. Unavujisha. Nilisikia."

"Na hukusema."

"Nilimwambia msimamizi. Akasema hana mtu wa kuweka badala yake."

"Mimi hukuniambia."

Alikubali kwa kichwa. Nilimfasiria Mama Nyemo, naye ndipo akaacha kusaga. Alimkazia macho kwa muda. "Mwambie na mimi niliona kwenye ngazi," akasema. "Na mimi sikumwambia mke wake." Sikujua nimkasirikie nani. Nilifasiri, na wale wawili wakatazamana juu ya kichwa changu kama watu waliokutana njiani wakitoka mahali pamoja pabaya. Nadhani kama daktari angeuliza habari za mti saa ile, angekuwa ameharibu kila kitu. Hakuuliza. Alitoa chupa ya unga kutoka mfukoni, akaiweka juu ya jiwe la kusagia, akatuonyesha kwa kijiko kidogo cha pembe kiasi cha mtu mzima, akainama mlangoni, akaenda.

Nilitaka kuitupa. Nilikwisha kuishika na mkono uko juu. Mama Nyemo aliichukua kutoka mkononi mwangu kama anavyochukuliwa mtoto kisu. "Hii haikumpeleka Bahi," akasema. Akaipeleka alikorudisha mifuko yake, ukutani, akaining'iniza katikati yao kwa uzi wa ngozi. Katika miaka iliyofuata nilimwona akiitumia. Mzizi wa masika ukiwa mpole mno, alitoa unga, akapima kwa kijiko kile cha pembe. Hakuvichanganya kamwe, na mgonjwa aliyefika kwake aliulizwa kwa ukali, kama mbele ya hakimu, amemeza nini na kwa nani kabla ya kuja. Huyo ndiye mwanamke aliyechukia dawa za kizungu.

Kesho yake baada ya daktari kuondoka, jua likiwa limeshapanda na ng'ombe wameshatolewa, Mama Nyemo alinipa jembe fupi akasema tufuatane. Tulivuka korongo, tukapita vichaka vya miiba, tukazunguka mara mbili mahali palepale mpaka aliporidhika kwamba hakuna aliye nyuma yetu. Mti wenyewe haukuwa na chochote cha kuutazama. Mdogo, umejipinda, maua ya zambarau machache. Nilikuwa nimepita karibu nao mara nyingi nikitafuta kuni. Aliniamuru nichimbe mwenyewe, upande mmoja tu, nisiuguse mzizi mkuu, na nilipoukata ule mwembamba harufu ikanipanda usoni, nikalia kwa mara ya kwanza tangu Idi azikwe, na sikujua ni harufu au ni yeye. Aliniacha nimalize. Kisha akanisogelea sikioni akanitajia jina la mti kwa Kigogo.

Nililirudia, kama tulivyozoea kwenye kinu. Akanipiga kofi mkononi, la kuuma kwelikweli, akageuka kutazama vichakani.

"Polepole," akasema. "Unataka wasikie?"